Redio ya valvu ya kubebeka: filamenti kwanza, mengine baadaye

Redio ya kubebeka ya valvu (mirija ya kioo iliyokuza mawimbi kabla ya transista) iliyolala stoo miaka mingi ina kishawishi kimoja kikubwa: kuichomeka tu uone kama bado inasema. Usiichomeke. Usiifunge betri pia. Karibu kila kitu kilichomo ndani yake kina mbadala mpya wa bei ndogo: kapasita, rizista, waya, hata spika. Valvu hazitengenezwi tena kwa wingi, na ndani ya valvu kitu kinachokufa kwa haraka zaidi ni filamenti, ule uzi mwembamba kuliko unywele unaopashwa moto na umeme. Mpangilio mzima wa kazi unaoelezwa hapa unafuata jambo hilo moja. Kila hatua inaulizwa kwanza: je, filamenti ziko salama?

Redio zenyewe zilitamba kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 mpaka transista ilipozisukuma nje mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1940 kampuni ya RCA ilitoa BP-10, redio ndogo yenye valvu mpya za kioo za pini 7, na kutoka hapo familia ya 1R5, 1T4, 1S5 na 3S4 ikaenea kila mahali. Ulaya valvu hizo hizo huitwa DK91, DF91, DAF91 na DL92. Ya kwanza hubadili masafa, ya pili hukuza masafa ya kati, yaani yale ya ndani ya redio baada ya kubadilishwa, ya tatu hutoa sauti kwenye mawimbi na kuikuza mara ya kwanza, ya nne husukuma spika. Nguvu inayofika kwenye spika ni ndogo sana: 3S4 ikipewa volti 67.5 hutoa takriban miliwati 180. Ndiyo maana spika nzuri na kabati lisilopasuka vina maana kubwa katika redio hizi kuliko zile za mezani.

Kila filamenti hutumia volti 1.4 na miliampea 50, yaani wati 0.07. Ile ya 3S4 ina nusu mbili: zikiungwa sambamba hutumia volti 1.4 na miliampea 100, zikifuatana hutumia volti 2.8 na miliampea 50. Kwa joto dogo kiasi hicho filamenti haing'ai kama ya redio ya mezani. Kwenye mwanga wa kawaida huoni kitu, na gizani pengine utaona wekundu hafifu kama wa kaa linalozimika. Wapo wanaodhani valvu imekufa kwa sababu haiwaki, wakaiongezea volti. Hapo ndipo inapokufa kweli.

Kuzipima bila kuziua

Toa valvu moja moja, ukiivuta wima huku ukiitikisa kidogo sana. Pini zikipinda, zinyooshe taratibu, maana kioo hupasuka pale pini inapoingilia. Usifute maandishi, wino wake hutoka kwa kidole kikavu, na valvu isiyo na jina ni fumbo. Tazama doa la fedha ndani ya kioo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo haina kazi tena.

Pima filamenti kwa mita ya dijitali, kati ya pini 1 na 7. Kwenye 3S4 na ndugu yake 3V4 pima pia pini 5, ambayo ni katikati ya nusu mbili. Filamenti ya miliampea 50 huwa na ohmu 28 ikiwa moto, kwa hiyo ikiwa baridi tegemea chini ya hapo. Mita za zamani za mshale ziache pembeni: kwenye kipimo cha ohmu ndogo baadhi yake hupitisha mkondo unaozidi miliampea 50, na kipimo chenyewe kitakuwa ndicho kilichoua valvu.

Jihadhari na jambo moja la majina. Valvu za Ulaya za baadaye, DK96, DF96 na DAF96, zina filamenti za miliampea 25 tu. Kwa umbo zinafanana mno na zile za 91. Ukiichomeka DF96 kwenye mnyororo wa filamenti zinazofuatana ulioundwa kwa miliampea 50, hudumu kwa sekunde chache. Na kama redio yako ni Zenith Trans-Oceanic H500, ya mwaka 1951, kuwa mwangalifu maradufu na 1L6 iliyomo. Hiyo ni adimu kuliko nyingine zote za kundi hili.

Zikishapimwa, zifunge kwenye kitambaa na uziweke mbali. Hazirudi kwenye soketi mpaka kila kitu kingine kiwe kimethibitika.

Kabati na vinavyoonekana

Sehemu hii haihitaji maneno mengi. Kabati la ngozi bandia lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini. Asetoni isikaribie plastiki yoyote. Namba za masafa kwenye kioo au plastiki ya mbele mara nyingi zimechapwa kwa rangi isiyoshika, kwa hiyo pangusa vumbi kwa brashi laini na uache hapo. Kama betri ilivuja, kwangua chumvi yote na ukate waya mpaka ufikie shaba inayong'aa. Waya ulioliwa na kutu kwa ndani haushiki risasi ya kulehemu.

Kagua antena ya koili iliyo kwenye kifuniko. Waya wake hupita kwenye bawaba, na kwa kufunguliwa na kufungwa miaka mingi hukatika ndani ya gamba la plastiki huku kwa nje ukionekana mzima. Pima huku ukichezesha kifuniko. Mita ikirukaruka, badilisha kipande hicho kwa waya laini wa nyuzi nyingi.

Kapasita, hasa ile moja

Kapasita za karatasi zilizochovywa nta zibadilishwe zote. Kuzipima moja moja ni kupoteza muda, maana hata inayopimika vizuri kwa volti 9 za mita huvuja ikipewa volti 60. Weka za plastiki za volti 250 au zaidi, zenye thamani ile ile au iliyo karibu. Kwa redio ya volti 67.5 hakuna haja ya zile kubwa za volti 630, na mara nyingi hazitoshi nafasi. Za mika na za kauri ziache kama hazina kasoro.

Kuna moja ambayo ukibadilisha hiyo tu utakuwa umefanya nusu ya kazi: ile inayotoka anodi ya 1S5 (bamba linalopokea mkondo ndani ya valvu) kwenda gridi ya 3S4 (waya unaoudhibiti mkondo huo), kwa kawaida kati ya maikrofaradi 0.002 na 0.01. Chukua mfano. Anodi ya 1S5 ina volti 40 hivi. Gridi ya 3S4 inatakiwa kuwa volti 7 chini ya sifuri, ikishikiliwa na rizista ya megohmu 2. Kapasita ikivuja kiasi cha megohmu 20 tu, uvujaji ambao mita nyingi zitauonyesha kama hakuna kitu, volti 47 zinagawanyika na gridi inapanda mpaka karibu volti 3 chini ya sifuri. Valvu inaanza kunywa mkondo kupita kiasi, sauti inakuwa ya kukwaruza, betri ya volti 67.5 inaisha upesi, na valvu ya mwisho inachoka kabla ya wakati. Hakuna moshi wala harufu ya kukuonya.

Kapasita za elektroliti zibadilishwe zote pia. Ukitaka kuhifadhi sura ya zamani, acha kopo la asili mahali pake likiwa halijaungwa popote, na ufiche mpya chini ya chasisi. Usiziunge mpya sambamba na za zamani, kwa sababu ya zamani itaendelea kuvuja.

Rizista za kaboni hupanda thamani zikizeeka. Iliyozidi asilimia 20 ibadilishe. Anza na zile za megohmu, hasa inayolisha gridi ya pili ya 1S5, kwa sababu hizo huhama zaidi na ndizo huifanya redio iseme kwa sauti ya chini isiyoeleweka sababu yake.

Pima na transfoma ya spika kabla ya kuweka umeme. Upande wa valvu utegemee ohmu mia kadhaa. Ukiwa umekatika, jambo ambalo hutokea sana kwa sababu waya wake ni mwembamba na huliwa na kutu ya kijani, anodi ya 3S4 haipati kitu na gridi ya pili inabeba mzigo wote. Mbadala uwe na mzigo wa karibu ohmu 5,000 kwa 3S4 kwenye volti 67.5, au ohmu 10,000 kwa 3V4 kwenye volti 90.

Redio za betri na umeme wa ukutani

Hapa ndipo panapohitaji utulivu. Redio nyingi za Marekani zilijengwa zitumie betri au umeme wa ukutani wa volti 117. Zikiwa kwenye umeme, filamenti zote hufuatana kama shanga kwenye uzi mmoja: 1.4 mara tatu, ongeza 2.8 ya 3S4, jumla volti 7. Mkondo wa miliampea 50 hutoka kwenye rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uende upande mmoja tu, na kushushwa na rizista kubwa. Rektifaya ikitoa volti 110, rizista hiyo inabeba volti 103 kwa miliampea 50: yaani karibu ohmu 2,060 na wati 5.2. Weka ya wati 10, na uiweke mbali na nta na plastiki.

Kwanza usalama wako. Kwenye redio hizi upande mmoja wa umeme wa ukutani hufika kwenye chasisi, moja kwa moja au kupitia kapasita. Fanya kazi kwa transfoma ya kutenganisha tu, yaani yenye koili mbili zisizogusana. Kama umeme wenu ni volti 230, kishushi cha kawaida cha koili moja kitashusha volti lakini hakitakutenganisha na ukuta. Hakikisha unacho kipi.

Sasa usalama wa filamenti. Mnyororo huo una kapasita ya elektroliti, mara nyingi kati ya maikrofaradi 100 na 200, inayotuliza mvumo. Filamenti moja ikikatika, au ukitoa valvu moja redio ikiwa imewashwa, mkondo unasimama na rizista haishushi tena chochote. Kapasita hiyo inajaa mpaka volti 100 hivi. Ukirudisha valvu kwenye soketi, kapasita ya maikrofaradi 200 inamwaga jouli 1 ndani ya filamenti kwa kufumba na kufumbua. Mnyororo una ohmu 140 zikiwa moto, na zikiwa baridi ni chache zaidi. Gawanya 100 kwa 140 upate ampea 0.7, mara 14 ya kiwango chake. Valvu nne zinaweza kufa kwa mpigo mmoja, na fundi akabaki akilaumu valvu mbovu. Kwa hiyo: usitoe wala kuingiza valvu umeme ukiwepo, na baada ya kuzima mwaga kapasita zote kwa rizista ya ohmu 1,000, kisha pima uone sifuri kwa macho yako.

Rektifaya ya seleni, ile ya bamba zilizopangwa, itolewe. Ikiungua hutoa moshi wa sumu wenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Weka daiodi ya 1N4007, lakini usiiweke peke yake. Seleni hupoteza volti kadhaa, daiodi hupoteza chini ya volti 1, na tofauti hiyo yote hushukia filamenti. Ifuatishe na rizista ya ohmu 100 ya wati 5, kisha utarekebisha kwa kipimo.

Kipimo hicho kifanyike bila valvu. Chukua rizista tatu za ohmu 27 na moja ya ohmu 56, za nusu wati. Ingiza miguu ya kila ya ohmu 27 kwenye matundu 1 na 7 ya soketi za 1R5, 1T4 na 1S5, na ile ya ohmu 56 kwenye soketi ya 3S4. Hizo ndizo filamenti zako za bandia. Washa, subiri dakika tano, upime kila soketi. Lengo ni volti 1.3 kwa kila moja, na 2.6 kwenye 3S4. Valvu hizi ziliundwa zivumilie betri inayoanza na volti 1.5 na kuishia 1.1, kwa hiyo 1.3 inatosha kabisa na inarefusha maisha yake. Ukisoma 1.5, ongeza rizista. Iache saa nzima, pima tena, gusa rizista kubwa (umeme ukiwa umezimwa na kapasita zimemwagwa) ujue joto lake. Hapo tu ndipo valvu zirudi.

Baada ya kuzirudisha namba zitabadilika kidogo, kwa sababu mkondo wa anodi wa kila valvu nao hupita kwenye filamenti zilizo upande wa chasisi. Wabunifu waliliona hilo wakaweka rizista ndogo sambamba na baadhi ya filamenti ili zibebe ziada. Usizione kama pambo. Ikipanda thamani mojawapo, filamenti iliyo karibu nayo inabeba zaidi ya haki yake.

Betri mbadala

Betri za volti 67.5 unaweza kuziunda kwa betri 7 za volti 9 zilizofuatana; mpya hukaribia volti 66. Kwa volti 90 tumia 10. Kwa mkondo wa miliampea 10 hivi, betri za alkali zitakupa takriban saa 40 na kuendelea. Filamenti za sambamba hunywa miliampea 250 kwa volti 1.5, hivyo tumia betri moja kubwa ya ukubwa wa D. Mnyororo wa volti 7.5 unatosheka na betri 5 ndogo za AA.

Plagi za betri hizi mbili zisiweze kuchanganywa hata gizani. Tumia maumbo tofauti kabisa, si rangi tofauti tu. Volti 67.5 zikigusa waya wa filamenti, mambo yameisha kabla mkono haujaondoka. Kwa mara ya kwanza fuatisha rizista ya ohmu 1,000 ya wati 5 kwenye waya wa volti za juu: kama kuna mguso mbaya, mkondo hautazidi miliampea 68. Redio ikitulia, iondoe, maana inakula volti 10 hivi.

Ikishawaka

Hakuna kusubiri, valvu hizi husema ndani ya sekunde moja. Pima kwanza volti za filamenti, kisha gridi ya 3S4, kisha anodi, ndipo usikilize.

Redio inayoshika vituo vya upande wa juu wa sahani ya masafa lakini inakuwa bubu kuelekea kilohezi 600 karibu kila mara ina 1R5 iliyochoka, au filamenti yake inapata volti pungufu. Kazi yake ya kitetemeshi, yaani kuzalisha masafa ya ndani ya redio, hufa kwanza upande wa chini. Jaribu betri mpya kabla ya kununua valvu.

Mvumo wa kubwekabweka kama injini ya mashua unatoka kwenye elektroliti, ya mnyororo wa filamenti au ya volti za juu. Mikwaruzo inayotokea unapozungusha kitasa cha vituo ni mabamba ya kapasita yanayogusana au vumbi la chuma. Yapulize, na uyanyooshe kwa karatasi ngumu. Mikwaruzo ya kitasa cha sauti inatulizwa na dawa ya kusafishia mguso, tone moja.

Kuna mlio mmoja unaowasumbua wengi: ngurumo za radi za mbali, zinazokuja na kwenda hata antena ikiwa imetolewa. Kwenye redio za miaka ya 1950 chanzo mara nyingi ni transfoma za masafa ya kati, zile kopo ndogo za mraba. Chini yake kuna kipande cha mika chenye mabamba ya fedha, na fedha hiyo husafiri juu ya mika mpaka upande wa volti za juu ugusane na upande wa gridi. Fungua kopo, toa mika, unga kapasita mpya nje, kwa kawaida karibu pikofaradi 100 kila upande, kisha urekebishe masafa.

Kuhusu kurekebisha: kama redio inashika vizuri, usiguse skrubu za transfoma hizo. Zikihitaji, redio za Marekani nyingi ni kilohezi 455, za Ulaya hutofautiana kidogo kidogo kutegemea mtengenezaji, kwa hiyo soma mchoro wa sakiti. Tumia bisibisi ya plastiki inayotosha sawasawa. Kiini cha feriti kikipasuka ndani ya kopo ni shida kubwa. Geuza robo mzunguko, sikiliza, rudi. Antena ya kifuniko iwe imefungwa mahali pake na betri zimo ndani ya kabati, kwa sababu chuma chochote kilicho karibu na koili huhamisha masafa. Rekebisha kitetemeshi kwanza upande wa juu wa sahani, kisha kitanzi cha antena karibu na kilohezi 1,400, halafu rudia vyote viwili mara ya pili.